Ndoana Ndogo kwa Mdomo Mdogo

Siku niliyoelewa kazi ya mshipi mwembamba nilikuwa nimeketi juu ya jabali huko Msambweni, upande wa Mkunguni, maji yakijaa taratibu chini ya miguu yangu. Ulikuwa msimu wa kaskazi na maji yalikuwa meupe, kila jani la bahari likionekana. Tafi niliwaona kwa macho yangu, kundi zima, wakila majani. Mkononi nilikuwa na mshipi mnene wa kuvulia changu nje ya mwamba, na ndoana yenye kipande cha ngisi. Tafi walisogea, wakakitazama, wakaenda zao. Mmoja alidonoa pembeni akanyofoa kipande, ndoana ikabaki tupu.

Hatua kumi kutoka kwangu alikuwako mzee wa mtaani kwetu. Mshipi wake ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, ameuviringisha kwenye chupa ya plastiki. Chambo chake kilikuwa donge la chapati lililofinyangwa pamoja na mwani, dogo kama mbaazi. Kila baada ya muda aliinua mkono, tafi akapanda. Kila aliyempata alimlaza kiganjani, akanyoosha vidole kando yake, kisha akamtia kikapuni. Mmoja alimrudisha majini bila kusema neno. Nilipomsogelea na kumwamkia, alipokea shikamoo yangu, akaichukua ndoana yangu na kuiweka mbele ya mdomo wa tafi aliyekuwa naye. Haikuingia. "Mwanangu," akaniambia, "hii ni ya chewa. Huyu mdomo wake ni tundu la sindano."

Nayaandika haya kwa yeyote anayeshuka pwani ya Kwale kutafuta kitoweo kwa miguu yake: kijana wa Ukunda aliye likizoni, mama wa Gazi anayevua kwenye mkondo wa mikoko, mwalimu wa Msambweni mwenye Jumamosi moja ya kupumzika. Watu wakisikia uvuvi wa pwani ya kusini hufikiria mkondo wa Pemba na nduaro wanaofuatwa na mashua za wageni kutoka Shimoni. Lakini sufuria zetu nyingi hutegemea samaki wa ndani ya mwamba: tafi, changu, chaa, tembo, mkundaji. Kwa samaki hawa nina neno moja, na mengine yote yanatoka humo: ndoana ndogo ni ya mdomo mdogo, si ya samaki mchanga. Ukilishika hilo utavua zaidi leo, na mwakani utakuwa na cha kuvua.

Mshipi

Ndani ya mwamba, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni, mara nyingi unavua katika maji ya kimo cha mtu au pungufu, na jua likiwa juu mwanga hufika mpaka mchangani. Samaki wa humo amezoea kuwindwa na ndege kutoka juu na chewa kutoka chini, kwa hivyo uzi mnene anauona na kuutilia shaka. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kwenda mwembamba.

Sababu ya pili wengi hawaitazami. Mkondo husukuma mshipi kwa kadiri ya unene wake. Mshipi mnene huchukuliwa na maji kama tanga linavyochukuliwa na upepo, nawe unalazimika kutia chubwi zito ili chambo kikae chini. Chubwi likiwa zito husikii samaki tena, wasikia chubwi. Mshipi mwembamba huridhika na chubwi jepesi, chambo hushuka polepole kama kitu kilichodondoka chenyewe, na samaki akikigusa tu, kidole kinapata habari.

Dukani tafuta nailoni ya unene wa milimita 0.20 hadi 0.25. Ile ya 0.25 hustahimili kilo 4 hivi, na tafi wa kitoweo hafiki hata nusu ya uzito huo. Penye mawe makali, au ukitarajia changu mkubwa, panda hadi 0.30. Mshipi wako mnene usiutupe. Funga mwembamba mbele yake, pima moja au mbili, ili mkono ushike mnene na samaki akutane na mwembamba.

Nailoni nyembamba haivumilii uzembe. Kabla ya kila safari pitisha pima ya mwisho kati ya kidole gumba na cha shahada; ukihisi mkwaruzo, kata. Fundo nalo ndipo samaki wengi wanapopotelea. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe juu ya nafsi yake mara 5 au 6, rudisha ncha kwenye kitundu kilicho karibu na ndoana, lowesha kwa mate, kisha kaza taratibu. Ukikaza ukavu na kwa haraka, uzi hupata moto wa msuguano na kudhoofika palepale kwenye fundo, nawe hujui mpaka samaki akuonyeshe.

Ndoana na chambo

Namba za ndoana huenda kinyume: namba ikipanda, ndoana hupungua. Kwa tafi na chaa nenda namba 12 hadi 14. Kwa changu, tembo na mkundaji, namba 8 hadi 10 zinatosha. Nunua chache zilizo kali kuliko nyingi zilizo butu. Ncha ipitishe juu ya ukucha: ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali.

Baada ya hapo mpe kila samaki anachokula nyumbani kwake. Tafi ni mla majani. Ndiyo maana wavuvi wa malema humwekea mwani, na ndiyo maana mkulima wa mwani, awe wa Kibuyuni au wa Unguja, anamjua kwa kumlia shamba. Umtafute kwa mwani laini uliozungushiwa kwenye ndoana, au kwa donge la unga lililochanganywa na mwani. Chaa ana mdomo unaochomoka kama mrija na huchagua vidudu mchangani. Apewe mnyoo wa mchangani au nyama ya kamba, kipande kisichozidi punje ya mahindi. Mkundaji hupapasa mchanga kwa ndevu zake mbili, basi chambo kikae chini kabisa, juu ya mchanga wenyewe. Changu na tembo hupenda ngisi, pweza na kamba. Kwa wote, kosa la kawaida ni kutia chambo kikubwa kwenye ndoana ndogo: samaki anaguguna kando kando, hafiki kwenye ncha.

Kidoana cha risasi

Huko Marekani wapo watu wengi wanaovua samaki wadogo wa maziwani, wale wa kuenea kikaangoni, kwa ndoana ndogo yenye kichwa cha risasi iliyovishwa unyoya. Japani huvua aji, ambaye ni wa ukoo mmoja na kolekole wetu, usiku kwenye magati, kwa kidoana cha gramu 1 au pungufu. Kwetu jambo hili halina ugeni mkubwa, kwani wavuvi wanaorambaza huvisha ndoana manyoya meupe na nyuzi zinazong'aa. Tunachohitaji ni kulipunguza liingie ndani ya mwamba.

Unaweza kukitengeneza nyumbani kwa nusu saa. Chukua ndoana namba 8 au 10 yenye shina refu. Bana chembe ndogo ya risasi, kama punje ya mtama au kubwa kidogo, chini tu ya tundu la ndoana, kwa koleo. Usiibane kwa meno hata ukiwaona wengine wakifanya hivyo: risasi ni sumu, na mikono iliyoishika ioshwe kabla ya kula. Kata unyoya mweupe wa shingo ya jogoo, urefu wa kucha mbili, uulaze kwenye shina la ndoana ili ncha yake ipite kidogo mpindo. Zungusha uzi mwekundu wa kushonea mara 10, funga, tia tone la gundi, acha ukauke. Ukikosa unyoya, nyuzi chache zilizochambuliwa kwenye gunia la plastiki zinafaa, na hazinyonyoki upesi.

Kukichezesha ndiko kazi ilipo. Kitupe, kiache kizame ukihesabu hadi tano, kisha inua kwa kifundo cha mkono kiasi cha shubiri moja na uachie. Anayeanza hudhani samaki atakula kidoana kikipanda. Wengi hula kinaposhuka, kwani ndivyo kiumbe aliyechoka anavyoanguka. Kwa hivyo ukiachia usilegeze mshipi wote. Ufuate chini kwa mkono, ukiwa umenyooka kidogo tu. Ukiona umesimama kabla ya kufika chini, au umekwenda kando, ameshakula. Kolekole wadogo, tembo, mkundaji, chewa wadogo na mzia wachanga huja kwa kidoana hiki. Tafi hatakijali, naye umrudie kwa mwani wake. Maji yakiwa meupe mimi hutumia unyoya mweupe. Maji yakichafuka kwa kusi au kwa mto, hutumia mwekundu au wa manjano.

Maji na saa

Mvuvi wa miguu hana injini ya kumpeleka kwa samaki. Maji ndiyo yanayomletea. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo, pwani yetu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: maji hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na wakati wa maji mafu ni mita 1 hivi. Ukiuangalia mwezi usiku, umeshajua saa ya kutoka kesho.

Saa nzuri ni maji yanapopanda juu ya majani, kuanzia nusu ya kujaa hadi muda mfupi baada ya kugeuka. Samaki waliojibana kwenye vidimbwi na milangoni hutoka kwenda kula pale palipokuwa pakavu. Jioni ya bamvua hii ni saa nane hadi kumi na moja, jua likianza kulegea. Lakini mkondo wa bamvua ni mkali na humsumbua mwenye chubwi jepesi. Anayejifunza aanze siku za kuelekea maji mafu, maji yakiwa mapole na kidole kikisikia vizuri. Kaskazi, kuanzia karibu na Novemba hadi Machi, hukupa bahari tulivu na maji meupe, basi punguza mshipi na simama mbali na ukingo, kwani kivuli chako kinaonekana. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka. Ndani ya mwamba na kwenye mikoko bado pana kitoweo.

Mahali

Pale Mto Mwachema unapoingia baharini, karibu na Msikiti wa Kongo, chaa na mkundaji hupanda na maji juu ya mchanga. Simama penye ukingo ambapo mchanga unakutana na mkondo, tupa juu ya mkondo, acha chambo kibiringike kuja kwako. Ghuba ya Gazi hupokea mito ya Mkurumuji na Kidogoweni, na mikondo ya mikoko yake ina tembo na changu wengi, ila wengi wao ni wachanga. Nitarudi kwa hilo. Majabali ya Msambweni hukupa kina bila chombo, na chini yake tafi hulisha maji yakijaa.

Popote uendako, anza kwa wenyewe. Tangu kanuni za mwaka 2007, kila bandari ya wavuvi ina BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, na viongozi wake ndio wanaojua wapi panavuliwa na wapi pamefungwa kwa makubaliano ya wavuvi. Hifadhi ya bahari ya Diani-Chale ilitangazwa mwaka 1995, basi huko nako uliza kwanza. Kisite, ng'ambo ya Wasini, ni mbuga ya bahari tangu miaka ya 1970, na humo hakuna kuvua kabisa, hata kwa uzi wa kushonea. Salamu na swali moja kwenye banda la wavuvi vitakuepusha na kosa, na mara nyingi utaondoka na ushauri wa bure kuhusu chambo cha wiki hiyo. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo.

Mkono

Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukivike kwenye kidole cha shahada: nailoni nyembamba hukata ngozi kama wembe samaki akivuta. Mshipi upite juu ya kidole hicho, mkono mwingine ushike chupa. Ukisikia kudonoa mara moja, tulia. Tafi na chaa huonja kwanza. Ukisikia uzito unaokwenda, inua mkono kwa upole, usikwanyue; ndoana ndogo iliyo kali haihitaji nguvu, na ukikwanyua utampasua mdomo.

Akivuta, mpe. Akipumzika, mchukue. Acha mshipi uteleze juu ya mpira kwa kubanwa kidogo, kisha urudishe mkono kwa mkono akigeuza kichwa. Mshipi wa kilo 4 unaweza kumleta samaki mwenye nguvu kuliko huo, maadamu humlazimishi. Mwelekeze mbali na mawe tangu mwanzo, na ukimfikisha ukingoni usimning'inize kwa mshipi: ingiza mkono au kikapu chini yake.

Mkono huo huo uulinde. Miiba ya tafi, mgongoni na tumboni, ina sumu inayouma sana. Mshike nyuma ya kichwa kwa kitambaa kilicholowa, au mtoe ndoana kwa koleo akiwa bado majini. Vaa viatu vya soli nene unapotembea mwambani, kwa ajili ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu na yule samaki wa sumu anayefanana na jiwe. Ukichomwa, loweka mahali hapo kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda zahanati. Maumivu yakiwa makali mno au pumzi ikibana, usingoje maji yachemke, nenda hospitali moja kwa moja. Bunju akinasa, mwachilie na usimwonje, kwa maana sumu yake huua na kupika hakuiondoi. Tena ukienda mwambani maji yakipwa, anza kurudi mara tu yakigeuka. Mifereji ya nyuma yako hujaa kwanza.

Anayerudi majini

Uzuri wa zana hii ndio hatari yake. Ndoana ndogo haimkatai mtoto. Mikoko ya Gazi na majani ya bahari ya Diani ni malezi: changu na tembo huanza maisha humo, wakikua hutoka kwenda mwambani. Mtu mmoja mwenye ndoana namba 14 anaweza kujaza ndoo kwa asubuhi moja samaki ambao wangekuwa kitoweo cha kijiji baada ya miaka miwili. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku juya la kukokota na bunduki za samaki. Juya lilizoa wakubwa na wadogo pamoja. Mshipi umeachwa mikononi mwetu, na heshima yake ni kwamba unaweza kuchagua. Pwani hii yamejaribiwa malema yenye mwanya wa kuwatolea wachanga. Mshipi hauna mwanya. Mwanya wake ni mkono wako.

Kwa hivyo lainisha kwa koleo ule mwiba mdogo wa ndani unaozuia ndoana kutoka. Ukikaza mshipi vizuri humpotezi samaki, na mchanga humtoa kwa sekunde moja. Lowesha mikono kabla ya kumshika, maana mkono mkavu humvua ute unaomlinda. Akiwa ameimeza ndoana, kata uzi karibu na mdomo. Ukikuta kila unayempata ni mdogo, hama mahali au tumia ndoana kubwa zaidi. Kipande cha nailoni kilichokatika kirudi nyumbani mfukoni; hakiozi, na kasa wanaotaga fukwe za Diani hunaswa nacho kama samaki. Tena utafiti uliofanywa Msambweni umeonyesha kwamba tafi wana mahali wanapokusanyika kutaga. Ukiwakuta wamesongamana isivyo kawaida, nao wamejaa mayai, chukua wa chakula cha jioni uondoke.

Nilichukua muda kuelewa mzee alikuwa akifanya nini na vidole vyake juu ya kila tafi. Alikuwa akipima. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni shubiri, na tafi aliyeifikia amefika umri wa kutaga au yuko karibu nao. Aliyepungua alirudi. Mimi nimeichukua shubiri hiyo hiyo kwa changu na tembo. Chaa, ambaye hata mzima ni mdogo, humpimia upana wa viganja viwili. Basi ukishuka pwani Jumamosi hii beba vipimo viwili. Ndoana ipime mdomo, kiganja kipime umri. Cha kwanza hununuliwa dukani. Cha pili umezaliwa nacho, na hakuna atakayekulazimisha kukitumia pale jabalini ukiwa peke yako.